Majani ya Unyayo wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kiwambani, alikuwako Sultani aliyesikia kwa mgeni kwamba wafalme wa mbali huzungushia kasri zao majani yaliyolala kama zulia. Tangu siku ile mchanga wa ua wake ukawa unamchoma macho. Akaamuru majani yabanduliwe pamoja na udongo wake kutoka malisho ya mji, akawauliza mawaziri yatahitajika kiasi gani. Huyu akasema robo ya malisho, yule nusu, waziri mkuu akasema yote, asije akaonekana anampenda Sultani pungufu ya wenzake.

Mwisho wa baraza alikaa Machano, fukara ambaye mali yake yote ilikuwa mbuzi mmoja wa maziwa. Akawaza: malisho yakibanduliwa, mbuzi atakula nini, na wanangu watakunywa nini? Basi akacheka, maana hakuwa na silaha nyingine.

"Wacheka nini, Machano?"

"Nacheka, maulana, kwa kuwa mbuzi hawakuulizwa, na wao ndio wayajuao majani."

Sultani akasema, "Basi kadiria wewe. Nataka popote nitembeapo katika ua huu, unyayo wangu ukute majani mabichi. Yakipungua, shingo yako. Yakizidi hata shibiri moja, shingo yako vilevile."

Machano akaomba mitawanda ya Sultani, vile viatu vyake vya mti, akaenda nayo malishoni na jembe begani. Wenye mbuzi wakamlaani njia nzima; akazidi kwenda, kwani aogopaye njaa halaumiwi kwa maneno yake.

Asubuhi akairudisha. Juu ya kila mtawanda alikuwa amefunga kwa ukindu bamba la majani lililokatwa sawasawa na unyayo. Sultani akaivaa, akaenda kisimani, akaenda langoni, akarudi, na kila alipokanyaga unyayo wake ulikuta majani mabichi.

"Yamepungua wapi, maulana? Yamezidi wapi?"

Waziri mkuu akashauri shingo ikatwe hata hivyo. Lakini Sultani alikuwa ameshaanza kucheka, wala haijulikani mpaka leo kama ni kwa werevu wa Machano au kwa kutekenywa nyayo. Akaamuru malisho yasiguswe, na Machano apewe mbuzi wa pili.

Ikawa kesho yake baraza zima likaja na majani viatuni. Waziri mkuu alikuwa ameyafunga mpaka magotini.