Mgeni wa Kwanza wa Baraza

Mgeni wa kwanza wa baraza ni mvua. Hilo ndilo nililosema, nanyi mkaacha kubishana mkanikodolea macho kana kwamba nimewatukana. Sijawatukana. Tangu asubuhi mnagombania rangi ya vitambaa vya viti, huyu anataka dhahabu, huyu anataka zambarau, mpaka ndizi nilizowapa kumenya zimeanza kuwa nyeusi. Sasa mnauliza neno hilo limetoka wapi. Limetoka hapa hapa, nje ya mlango huo, na mimi nilikuwepo. Nitawaambia, ila mikono iendelee kumenya. Masikio hayashiki kisu.

Lilianza na kaka yangu, Mzee Mwakatobe, babu yenu, na hamu yake ya kumshika mjukuu.

Zamani, wala si zamani ya mbali, mkamwana wa kwetu hakuonana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani, alijitupa kando kwenye migomba mpaka mzee apite. Hawakusemezana. Kuketi chini ya paa moja, hilo hata kulifikiria halikufikirika. Cheka tu, wewe! Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, na kaka yangu alikuwa mtu wa heshima kupita kiasi. Mkamwana wake Atuganile naye alikuwa hivyo hivyo. Walipendana sana wale wawili, mmoja upande huu wa ukuta, mwingine upande ule.

Basi Atuganile na mume wake Lwitiko wakapata mtoto wao wa kwanza, msichana, wakampa jina la marehemu wifi yangu, mke wa kaka yangu. Tusekile. Bibi harusi, usijifiche nyuma ya beseni, ndiyo, ni wewe. Ulikuwa na kelele kuliko sasa.

Kaka yangu aliposikia mtoto amepewa jina la mkewe, alivaa koti lake. Kisha akachukua fimbo na mwavuli, akashuka bonde, akapanda huku. Sasa ninyi mnaijua Tukuyu. Mvua ya hapa haipigi hodi. Mzee kufika uani, mvua hii hapa. Ndani hawezi kuingia, mkamwana yumo. Nje hawezi kumpokea kichanga, maji yanamwagika. Lwitiko akasimama mlangoni na mtoto, akamwinua juu kidogo baba yake aone, halafu akamrudisha ndani haraka. Ikawa ndivyo kila alipokuja.

Siku moja nilimkuta njiani anarudi kwake, koti limelowa, nikamuuliza, "Kaka, umemwona mtoto?"

Akasema, "Nimeona blanketi. Ni blanketi zuri sana. Lakini, dada yangu, mimi sikupanda mlima huu kuja kuona blanketi."

Nilitaka kucheka, lakini nikaona macho yake. Niliumia jamani. Nikajaribu kumbeba mtoto nimpeleke kwake. Tulirudi tumelowa chapachapa, mtoto akakohoa wiki nzima, na Atuganile akasema hatoki tena nje ya nyumba mpaka akue. Ningembishia vipi? Ni mama. Lakini kaka yangu magoti yalikuwa yanamwishia. Kila akipanda mlima ule alipumzika mara nyingi zaidi, na mimi nilihesabu moyoni kwamba mtoto akikua, babu hatakuwa na miguu ya kumfikia.

Ndipo Lwitiko akaamua kujenga baraza mbele ya nyumba. "Baba atakaa pale," akasema, "mtoto ataletwa nje, Atuganile atabaki ndani. Kila mtu na heshima yake." Tukafurahi sote. Akaitwa Fundi Ngonde, mtu mrefu, mpole, asiyependa ugomvi. Fundi akatazama, akauliza jambo moja la maana kabisa: "Nikiunganisha bati la baraza na bati la nyumba, hilo si litakuwa paa moja? Mzee na mkamwana wataketije?"

Lo! Tulimsifu fundi kwa kukumbuka desturi. Tukakubaliana bila kupinga kwamba bati lisiunganishwe. Na hapo, wanangu, habari ya paa ikaisha. Hakuna aliyeitaja tena, kwa sababu siku ile ile mume na mke walianza kubishana juu ya kitu kingine. Walibishana juu ya chini. Baraza iwe ya nini?

Lwitiko alitaka ulingo wa mbao, umeinuliwa juu ya mawe. Alisema, "Ardhi ya hapa haikauki. Mbao zikiachiana nafasi, maji yanapita katikati, yanaenda zake chini. Baba atakaa mahali pakavu."

Atuganile alitaka sakafu ya saruji. Alisema, "Mbao zinaoza. Mwaka wa pili baba mkwe atatumbukia mguu, niitwe mkamwana aliyemvunja mzee. Saruji naipiga deki, inang'aa."

"Saruji inaota kijani, anateleza!"

"Mbao zinaingia mchwa!"

Mngekuwepo mngefikiri wanachagua mbunge. Majirani wakaingia. Walioezeka nyumba zao vizuri na wasioezeka, wote walikuwa na maoni kuhusu baraza ya watu. Wenye mashamba ya misonobari walikuwa upande wa mbao, mnaelewa kwa nini. Mimi nilikuwa upande wa saruji, na nikiwa upande fulani mnanijua. Kanisani tulikaa mbao mkono wa kushoto, saruji mkono wa kulia. Kilimo kikasimama, habari ikawa baraza tu.

Mwezi wa tisa ukaingia, mwezi ambao Tukuyu hukumbuka kwamba kuna jua, na Fundi Ngonde akachoka. Akasema, "Nitajenga nusu kwa nusu, mniache nipumzike." Akapiga saruji upande wa kulia, akaizungushia ukingo wa tofali, mzuri, kama Atuganile alivyotaka, ili vumbi lisiingie. Upande wa kushoto akaunganisha ulingo wa mbao, akauweka juu ya mawe, akasema atakuja kuufunga kwenye nguzo wiki ijayo. Jua likawaka. Baraza ikapendeza mno. Watu wa mbao wakasimama kwenye mbao, watu wa saruji kwenye saruji, tukaringishiana.

Siku ya mzee kuja tulipika kama leo. Kiti chake cha kukunja kikawekwa katikati, pale mbao na saruji zinapokutana, ili asionekane amependelea. Kaka yangu akatokea bondeni amevaa koti lake la harusi, kichwani kofia, mkononi fimbo. Mwavuli ameuacha! Alikuja bila mwavuli kwa sababu aliambiwa kuna baraza. Alikuwa anatabasamu tangu mbali.

Ndani, Atuganile akamfunga mtoto kitambaa kipya, akanikabidhi. Nilikuwa nimefika mlangoni, mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani, nikasikia tone kwenye bati. Tone moja. Halafu la pili. Kisha mbingu ikafunguka.

Jamani! Wageni wote waliruka ndani ya nyumba kwa pamoja, waliniponda na mtoto ukutani. Nilipochungulia nje, ukingo ule mzuri wa tofali ulikuwa umeshika maji yote, sakafu ya saruji imekuwa bwawa. Bata wa jirani akaja, akaingia, akaogelea. Nawaambia ukweli. Lwitiko akakimbilia upande wake wa mbao amwokoe baba yake, mbao mpya zile zimelowa, akateleza, akakaa chini kwa kishindo na miguu yake akaitumbukiza bwawani kwa bata. Kicheko kilichotoka madirishani, hata wafu walisikia.

Lakini kaka yangu hakucheka. Alisimama katikati ya baraza yake, maji yanashuka kwenye ukingo wa kofia, koti la harusi limemgandama. Akatazama mlangoni, akaona tena blanketi. Akasema taratibu, "Basi, narudi kwangu. Jengeni vizuri, wanangu. Baraza ni nzuri." Akageuka, akatafuta njia kwa fimbo.

Kicheko kikakatika. Nilijua akishuka mlima ule siku ile, hatapanda tena.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. Atuganile alikuwa amesimama jikoni, uso ameuelekeza ukutani kwa heshima, na alikuwa anasema na mtoto niliyembeba mimi, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani:

"Tusekile mwanangu! Mwambie babu asiondoke!"

Nikatoka mlangoni, nikapaza: "Mtoto anasema babu asiondoke!"

Kaka yangu akasimama. Atuganile akaendelea pale pale ukutani:

"Mwanangu, muulize baba yako na wanaume wenzake: ule ulingo wao wa mbao umelala chini kwa kazi gani? Si haujafungwa? Waunyanyue! Waushike juu ya babu! Paa hilo ni la peke yake, halijagusa nyumba hii!"

Wee! Sikumaliza hata kurudia. Lwitiko aliinuka majini, akashika kona moja. Fundi Ngonde akaruka nje akashika ya pili. Kona mbili zilizobaki zilishikwa na nani? Na watu wa saruji! Ndiyo, wale wale waliokataa mbao miezi yote, wakaziweka mabegani. Wanawake tukakata majani ya migomba, tukayarusha juu kuziba nafasi zile ambazo Lwitiko alizisifia kwamba zinapitisha maji. Mtu akachukua jembe, akavunja ukingo wa tofali, bwawa likatoka lote kwa mara moja, na bata naye akatoka nalo akilalamika. Atuganile akapiga kelele kutoka ukutani, "Vunjeni tu!" na ule ukingo aliuombea miezi mitatu.

Chini pakawa sakafu ya saruji, safi, imeoshwa na mvua. Juu pakawa mbao. Katikati kiti, na kwenye kiti kaka yangu.

Nikavuka nikampa mtoto.

Wanangu, sijui niwaambieje. Alimshika kama mtu aliyepewa yai. Akamfunua blanketi usoni, akamtazama, akamtazama. Akasema, "Tusekile," polepole, jinsi alivyokuwa akimwita wifi yangu akirudi shambani. Na mtoto akanyoosha mkono, akakamata ndevu, akavuta! Mzee akalia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikawa vile vile, na sioni aibu.

Mvua haikuwa na haraka, na kaka yangu hakuwa na haraka. Akamwimbia mtoto. Akamsimulia habari za ng'ombe wake wote kwa majina. Mikono ya wanaume ikaanza kutetemeka.

"Mzee," Lwitiko akasema kwa unyonge, "mabega, Mzee."

"Mlikuwa na nguvu za kubishana tangu mavuno," kaka yangu akajibu bila kumtazama, "za kushika ubao zimekwenda wapi? Shikilieni."

Kisha akainamisha kichwa kwa mtoto, akasema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni, "Mjukuu wangu, mwambie mama yako nimekushika. Mwambie baba yako, na fundi, na huyu dada yangu mwenye mdomo, kwamba walimwandalia kila mtu mahali, wakamsahau anayekuja siku zote bila kualikwa. Mgeni wa kwanza wa baraza ni mvua. Sisi wengine tunafuata."

Kutoka jikoni tukasikia Atuganile anacheka, uso bado ukutani.

Mvua ilipopungua, Fundi Ngonde alikata mianzi minene, akasimamisha nguzo, akaupachika ulingo juu yake siku ile ile, akauezeka vizuri baadaye, mbali kidogo na nyumba, mkono wa mtu unapita katikati. Kaka yangu akawa anakuja mvua ikinyesha, tena hasa ikinyesha. Pale ndipo ulipojifunza kutembea, Tusekile, kutoka goti lake mpaka kwenye nguzo na kurudi. Na neno lake likatoka hapa, likashuka bonde, likasambaa. Mtu akigombania pambo kabla hajatazama jambo linalokuja kwa hakika, huambiwa hilo tu, na hujua kwamba amesahau paa. Nendeni mkachungulie, ulingo wenyewe uko pale nje bado, ndipo mlipopanga masufuria yenu.

Haya. Zambarau au dhahabu, mtajua wenyewe, mimi nitavaa kitenge changu. Ninauliza kitu kimoja tu. Watu wote wale mliowaalika Jumamosi, turubai la kuwafunika nani ameagiza?

Mbona kimya? Wewe wa dhahabu? Wewe wa zambarau?

Mnaona! Bibi harusi ameshainuka, mikono bado ina utomvu wa ndizi, anatafuta simu. Mwacheni apige. Huyo ni wa babu yake, alishikwa chini ya ulingo ule akiwa mdogo wa kutosha kusikia vizuri. Mwambie mwenye turubai alete kubwa, mwanangu, na akikuuliza ni la nani, mwambie kuna mgeni hatujamwalika lakini tunamjua. Mgeni wa kwanza wa baraza ni mvua.