Mbegu ya Mtindi wa Bi Martina

Aliyeisimulia kwanza hadithi hii ni Shangazi Fabiola, siku ya matanga ya Lohay, mwaka ule mvua ya mawe ilipolaza mahindi ya Mbulu. Nasi tunaisimulia kama alivyoisema.

Hapo zamani, wala si zamani sana, palikuwa na mjane mtengeneza mtindi, Bi Martina. Mbegu ya mtindi wake aliachiwa na marehemu mumewe: kikombe cha jana hugandisha maziwa ya leo, cha leo hugandisha ya kesho.

"Nikiunywa," alikuwa akiwaambia wanawe, "namsikia baba yenu akifungua zizi."

Binti yake, Veneranda, alipoolewa Mtwara, pwani, aliondoka na mbegu hiyo kwenye chupa. Kule ng'ombe ni wa kutafuta. Akailisha maziwa ya kuomba, akailisha maziwa ya unga, akailisha hata alipokuwa mgonjwa. Kila alipoonja, alitazama upande wa kwao.

Nyumbani Mbulu, mtindi ukaharibika. Ukawa mchungu, ukavutika kama mlenda. Wakasugua vyombo, ukaharibika. Wakabadili malisho, ukaharibika. Mwishowe wakamwaga wote, na mbegu ikaenda humo humo.

"Nimemzika mara ya pili," akasema Bi Martina.

Habari zilipofika Mtwara, Veneranda alipanda basi, chupa mapajani.

"Wifi, umetuletea bahari?" Pasiana, mke wa kaka yake, Lohay, akamtania.

"Nimewaletea mlichomwaga."

"Basi usikitie upesi, kitakufa kama mwenzake." Pasiana akashika kisu, akaupasua mpira uliopitisha maziwa kutoka kwenye pipa. Ndani ulikuwa na utando wa utelezi, kama njia ya konokono. "Oneni! Vijidudu vimejenga. Maji yetu ya moto yalikuwa yanapita juu ya paa lao."

Mpira ukatupwa. Hata hivyo maziwa yaliyochemshwa jioni yaliamka machungu.

Lohay akafikiri, akasema, "Vingine havina nyumba, vina ganda. Ni kama magugu: mvua ya kwanza huyaamsha, ndipo jembe huyakuta. Moto wa kwanza utaviamsha, wa pili utaviua." Akachemsha maziwa jioni, akayafunika, akachemsha tena asubuhi.

Yalipopoa, Veneranda akatia mbegu. Kesho yake mtindi ulikuwa umeganda, mweupe, mtamu.

Bi Martina akanywa, akafumba macho. "Zizi limefunguliwa."

Kisha akajaza kikombe kimoja. Katika nyumba ile, anayepewa kikombe cha kwanza ndiye hukabidhiwa mbegu, na huishi hapo akiitunza.

"Achukue aliyemrudisha baba yenu."

Pasiana akasema, "Mama, mimi ni mkwe tu, lakini bila kisu changu mbegu ya wifi ingekufa jana."

Lohay akasema, "Bila moto wangu wa pili, kisu kisingefaa kitu."

Veneranda alikuwa na maneno ya miaka mingi. Akasema machache: "Bila mimi mngekuwa na maziwa safi, na baba hayumo. Mama, nataka kurudi nyumbani."

Bi Martina akakiweka kikombe juu ya kigoda, asimpe yeyote.

Bi Martina ameshafariki. Lohay tumemzika. Pasiana yu hai, Mbulu. Veneranda yu hai, Mtwara, na chupa yake bado anailisha.

Je, wenzangu, kikombe kile alikistahili nani?