Rubisi ya Kokugonza

Hadithi iko mlangoni, ifungulieni! Semeni, "Iingie!" Tena, au hamjala? "Iingie!" Haya, iingie na hasira zake, maana leo sitabasamu. Nimemsikia mtu mzima huko nje akimwambia mjukuu wangu Kemilembe, "Mtoto wa kike hanung'uniki," na huku kuku wake amechukuliwa mchana kweupe. Kaeni chini.

Zamani, zamani sana, jua lenyewe likiwa bado linaulizia njia, palikuwa na mjane aitwaye Kokugonza. Mumewe alimwachia kibanja cha migomba iliyonona. Shemeji yake, Rutashobya, alikitaka kibanja kile. Alikitaka kama mbwa anavyotaka mfupa wa jirani.

Sasa sikilizeni desturi ya siku zile. Matanga yalipokwisha, mjane alitengeneza rubisi, ule mvinyo wetu wa ndizi, akaipeleka mbele ya ukoo. Ikitoka tamu, basi marehemu amemkubali mkewe, kibanja ni chake. Ikichacha, marehemu amemkataa, kibanja kinakwenda kwa ndugu wa mume. Na tangu ndizi ziingie shimoni kuiva mpaka kibuyu cha kwanza kinywewe, mtengenezaji hakuruhusiwa kukasirika. Eti hasira huchachusha rubisi. Eti! Nani alisema? Hakuna aliyemjua.

Rutashobya aliijua sana desturi hiyo. Kokugonza alipozifukia tu ndizi zake, akaja na mbuzi, akawaachia kibanjani.

"Shemeji, mbuzi wako wanakula migomba yangu."

"Unakasirika?"

"Sikasiriki." Akanyamaza.

Kesho yake akaja na panga, akakata mikungu, akabeba. "Unakasirika, shemeji?"

"Sikasiriki." Akanyamaza.

Siku ya tatu akasimama njiani, akawatangazia wapita njia kwamba ndugu yake aliuawa na mdomo wa mkewe. "Unakasirika?"

"Si-ka-si-ri-ki." Akanyamaza, wanangu, mpaka shingo ikamvimba.

Na majirani? "Vumilia, mwanamke. Mvumilivu hula mbivu." Mbivu zipi, na mikungu imeshabebwa? Hao waliomwonea huruma na bado wakamwambia anyamaze, hao ndio wananichoma kuliko Rutashobya mwenyewe. Wewe Mugisha, acha kucheka, sijafika pa kuchekesha.

Siku ya kukamua ikafika. Ndizi zimeiva, zimemenywa, zimetiwa kwenye mtumbwi wa kukamulia, lile gogo lililochongwa likawa na tumbo wazi, pamoja na nyasi za kusaidia kukamua. Kokugonza akaingia, akakanyaga huku akiimba taratibu kama ilivyotakiwa. Rutashobya akaja na miche ya mpaka, akaanza kuipanda katikati ya kibanja.

"Wewe kanyaga tu, shemeji. Mimi naweka mipaka yangu."

Wimbo ukakatika.

"Nimekasirika!" Mguu, pwa! "Mbuzi wako wamekula migomba yangu!" Pwa! "Mikungu yangu umeiba!" Pwa! "Umemzika mume wangu, sasa unanizika mimi ningali hai!" Pwa! Pwa! Pwa! Juisi ikamrukia mpaka magotini.

Rutashobya akacheka, akakimbia kwa Mzee Ishengoma, mkuu wa ukoo. "Amekasirika! Kila mtu amesikia! Nipeni kibanja."

"Rubisi haionjwi kwa masikio," akasema Ishengoma. "Tungoje."

Kokugonza akachuja, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika kwa majani ya mgomba. Vibuyu akavisugua kwa maji ya moto. Ilipokuwa tayari, ukoo ukakusanyika, na Ishengoma akanywa. Akanywa tena.

"Mzee, vipi?" akauliza Rutashobya.

"Nyamaza, nakunywa."

Kibuyu kikazunguka. Rubisi tamu, kali, inayopanda puani! Rutashobya akapiga kelele kuwa ni uchawi. Ishengoma akamgeukia mjane. "Umetia nini humu?"

"Ndizi, mtama na miguu yangu. Na yote mliyoniambia niyameze."

"Mbona haikuchacha?"

"Niliosha vibuyu. Hasira si uchafu, mzee."

Watu wakacheka, wakampa kibanja chake, miche ya Rutashobya ikang'olewa. Wengine hapo husema hadithi imekwisha. Haijaisha! Nyuma kabisa akasimama bibi kizee, Nyamwiza, mjane wa miaka mingi, ambaye rubisi yake ilichacha enzi za ujana wake.

"Mimi nilinyamaza," akasema. "Nilitukanwa nikanyamaza, nikapigwa nikanyamaza, nikaimba mpaka mwisho. Ikachacha vilevile, mkasema nilificha hasira moyoni. Sasa niambieni: kibanja changu kiko wapi?"

Ishengoma akakitua kibuyu chini, akatazama miguu yake, maana kibanja kile alikuwa akikilima yeye, shemeji yake Nyamwiza.

Naye hajamjibu mpaka leo. Nyamwiza alikufa akiuliza.

Basi shikeni hili: mtu akikwambia usikasirike, tazama kwanza jembe lake liko katika shamba la nani.

Hadithi yangu imetoka, na mlango naacha wazi. Kemilembe, inuka ukamdai kuku wako. Kwa sauti, nikusikie nikiwa hapa.