Manggai Aliyeuza Udongo Akabaki na Miti

Nirudi nyuma, wajukuu? Semeni: rudi, sisi tunakungoja. Nikapotea je? Semeni: tutakuita. Haya. Mwenye kujikuna ajikune sasa amalize, maana bibi yenu akikatizwa husahau, na akisahau hutunga.

Zama za zama, watu wa Kalimantan, kisiwa chetu hiki, walipokuwa hawafyeki msitu mpaka wamsikie ndege analia upande gani, hapa penye mkono wa mto palikuwa na nyumba moja ndefu. Paa moja, sakafu ya mbao juu ya nguzo, milango ishirini na saba, na kila mlango una familia yake. Ukimwuliza mtu kwao ni wapi, alikutajia mlango. Mlango wa tisa ulikuwa wa Manggai, mwanamume aliyefiwa na mke, na mama yake Jawai, na binti yake wa pekee, Tipong.

Na mali ya watu wale ilikuwa nini? Wewe uliyelala nyuma huko, nijibu. Ardhi? La. Ardhi haikuwa mali. Mtu alifyeka, akapanda mpunga, akavuna, akaondoka, na msitu ukarudi mahali pake. Kudai kwamba udongo ni wako ilikuwa kama kudai kwamba mvua ni yako. Mali ilikuwa miti. Mtoto akizaliwa alipandiwa mdoriani, wenye tunda kubwa la miiba na nyama tamu, na mti ule ulikuwa wake, ukaitwa kwa jina lake, ukarithiwa na wanawe na wana wa wanawe. Na sheria yake mnaijua: doriani halichumwi, doriani hungojwa. Ukilichuma bichi umeitukana miti yote. Likianguka, ni la aliye chini ya mti. Aliyesimama mbali amelikosa, na asinung'unike.

Mali ya pili ilikuwa mitungi. Si hii ya kutekea maji. Mitungi mikubwa ya rangi ya asali, iliyotoka ng'ambo, yenye joka lililozungushwa tumboni. Mlango wenye mtungi wa joka, wageni waliketi hapo. Mlango usio na mtungi, wageni walisalimia huku wakipita.

Mlango wa tisa haukuwa na mtungi. Wa kwao ulipasuka zamani, nyumba ya awali iliposhika moto. Manggai alikuwa na midoriani kumi na miwili kilimani, mti wa bibi yake, wa mama yake, wake mwenyewe, wa Tipong, na ile ya ndugu waliokufa. Hakuna aliyekuwa na miti kama ile. Lakini miti iko kilimani, na watu wanaketi nyumbani. Na mwaka ule, baada ya mavuno, wazazi wa kijana mmoja wa mto wa pili walikuwa waje kumwona Tipong. Manggai akawa hali akashiba. Alimtazama binti yake anasuka mkeka mbele ya mlango mtupu, akaona haya kwa ajili yake.

Basi akaja Kadir. Kadir alikuwa mfanyabiashara wa pwani, mtu wa adabu, anayevua kofia hata kwa watoto. Alipanda mto na chumvi na vitambaa, akakaa siku mbili, na siku zote mbili alikuwa akikitazama kilima. Siku ya tatu akaja kuketi kwa Manggai.

"Kilima kile ni cha nani, mzee wangu?"

"Midoriani ni yangu."

"Sikuulizi miti. Nauliza ardhi."

Manggai akamtazama macho, kuona kama ana homa. "Ardhi ya nini?"

"Niinunue."

"Na miti?"

"Miti baki nayo. Sitaigusa hata jani."

"Unainunua kwa kitu gani?"

Kadir akainuka, akaenda mashuani, akarudi na watu wawili wamebeba kitu kimefunikwa mkeka. Akauondoa mkeka. Joka lile lilikuwa na macho ya kijani, wajukuu zangu, na Manggai akalisahau jina lake kwa muda.

Jawai alikuwa akipeta mchele. Akauweka ungo chini. "Manggai, mwanangu. Miti yetu imesimama wapi?"

"Kilimani, mama."

"Na unauza nini?"

"Nauza udongo. Nani amewahi kula udongo?"

"Mimi mambo ya biashara siyajui," akasema Jawai. "Lakini mtu hatoki pwani na mtungi kama huo kufuata kitu kisichofaa."

Manggai alikuwa tayari analipapasa joka. Asiyesikia la mkuu, mnamaliziaje? Ndiyo, lakini huyu hakuvunjika guu siku ile. Siku ile alicheka. Nyumba nzima ilicheka. Walipasua ufito wa henzerani mbele ya mzee wa nyumba, kama ilivyokuwa desturi ya kufunga neno, nusu akachukua Kadir, nusu Manggai, na mzee wa nyumba mwenyewe alikuwa akijiuma mdomo asicheke. Wakasema Manggai amempunja mgeni. Wengine walimwonea huruma Kadir, wakampa nyama ya njiani.

Wageni wa Tipong wakaja. Wakaketi penye mtungi. Posa ikakubaliwa kabla wali haujapoa, na Manggai akapata usingizi.

Laiti mambo yangeishia hapo. Mlango wa kumi ukaona, ukauza udongo wake. Wa kumi na moja ukauza. Mlango kwa mlango, kilima kwa kilima, mpaka nyumba nzima ikajaa mitungi, na wageni wakawa hawajui tena waketi wapi. Kila mlango ulipokuwa na joka, joka halikumpa mtu heshima yoyote. Hata hilo watu walilicheka. Watu wale walikuwa wepesi wa kucheka, Mungu awarehemu.

Kadir akarudi na watu wake. Wakafyeka vichaka, miti wasiiguse, maana aliahidi. Wakapanda pilipili manga katikati ya midoriani, wakazungusha ua. Msimu ukafika. Manggai akachukua tenga lake, akapanda kilima, akaukuta mlango wa ua umefungwa na Kadir amesimama ndani.

"Nimekuja kungoja madoriani yangu," akasema Manggai.

"Ngoja, mzee wangu. Ngoja hapo hapo ulipo."

"Hapa ni mbali na miti."

"Miti ni yako, sijaugusa hata mmoja. Unaotaka kuukanyaga ni udongo, na udongo uliniuzia."

"Nitakulaje tunda langu?"

Kadir akavua kofia. "Nimeuliza desturi zenu, sitaki kumkosea mtu. Doriani likianguka ni la nani?"

Akaitwa mzee wa nyumba. Akaja, akasikia, akatazama ua, akatazama miguu yake. Alitafuta neno jingine asilipate, maana neno lile alilirithi na yeye. "Ni la aliye chini ya mti," akasema.

"Basi aliye chini ya mti ni mimi," akasema Kadir.

Wakasimama pale. Tunda likaanguka, puu. Manggai akajua bila kuona kwamba ule ni mti wa mama yake, maana huwa wa kwanza kila mwaka. Likaanguka jingine, puu. Siku ile hakucheka mtu.

Kesho yake Manggai akaubeba mtungi mgongoni, peke yake, mpaka uani. "Chukua mtungi wako. Nirudishie udongo."

"Mtungi ni wako, mzee wangu. Mimi nimekwisha panda."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, Manggai angepata wa kumchukia. Sasa hakupata ila nafsi yake.

Miaka ikapita. Tipong akaolewa, mumewe akahamia mlango wa tisa, wakapata mtoto wa kike. Siku ya saba Jawai, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, alifungua jani alilokuwa amelikunja. Ndani mlikuwa na kokwa ya doriani. Usiniulize alivyoipata.

"Baba," akasema Tipong, "tumpandie wapi mtoto?"

Manggai akafikiri kilima kwa kilima. Kilima hiki kimeuzwa, kile kimeuzwa. Kando ya nyumba ni kinamasi, na mdoriani haupendi miguu yake ilowe. Kisha akachukua tenga, akaenda uani.

"Nipe tenga moja la udongo," akamwambia Kadir.

"Wa kufanyia nini?"

"Wa mjukuu wangu."

Kadir alikuwa na wajukuu na yeye. Akaingia mwenyewe chini ya mti wa Jawai, akachimba kwa mikono, akajaza tenga, akamwongeza na la pili. Hakutaka kitu. Alimkabidhi bila kumtazama usoni.

Manggai akautia udongo ule ndani ya mtungi wa joka, akaipanda kokwa mbele ya mlango wa tisa. Na ikaota, wajukuu zangu. Ikatoa majani. Yule mtoto alipoanza kutembea, mti ulikuwa umefika kiunoni mwake. Manggai aliumwagilia asubuhi na jioni, akauzungumzisha.

Lakini mdoriani si mchicha. Mizizi ilitafuta chini, chini hapakuwepo. Joka likapata ufa mgongoni. Manggai akaufunga mtungi kwa henzerani, ukapasuka upande wa pili. Asubuhi moja ukaachia wote, udongo ukapita katika nafasi za sakafu, ukaangukia kinamasini, na mizizi ikabaki juu ya mbao, myeupe, imekunjamana kwa umbo la mtungi.

Manggai akachuchumaa kando yake. "Mama," akasema, "uliniuliza miti imesimama wapi. Nikasema kilimani, nisiseme udongoni. Sikukujibu."

Jawai akanyoosha mkono akamtafuta, akampata begani. "Ndiyo, mwanangu," akasema. "Hukunijibu."

Wakubwa husema majuto ni mjukuu. Manggai alimbeba wake mgongoni, na kila msimu mtoto yule alimuuliza ni nini kinacholia puu huko kilimani.

Kwa hiyo nawaambia. Mtu akija kukuomba kitu ambacho wewe hujakihesabu kuwa kitu, usianze kucheka. Tazama kwanza ni nini kimesimama juu yake.

Kisa changu sikukichuma, nilikingoja kikaiva. Sasa kimeanguka. Aliye chini yake akiokote.