Kwa Nini Wanaume wa Tondwa Hutia Wanja

Nani huyo aliyecheka? Nimemsikia. Bwana harusi ametoka chumbani na wanja machoni, na mtu hapa barazani amecheka kwa pua. Simtaji jina, maana ni mgeni wetu, ni rafiki wa bwana harusi na ndiye msimamizi wake, tena pilau letu hajalionja bado. Lakini asogee, akae hapa karibu na mkeka wangu, apate kujua amecheka kitu gani. Na nyinyi wengine msinikatize. Mkinikatiza naanza upya, na pilau litapoa mkiwa mnaniangalia.

Zamani hizo, Tondwa ilipokuwa vibanda vichache pembeni mwa majaruba ya chumvi, wanja haukuwa wa wanaume. Ulikuwa wa wanawake na wa watoto wachanga. Mtoto alipozaliwa, wa kike au wa kiume, mama yake alimtia wanja ili macho ya watu yasimdhuru, na mtoto wa kiume aliendelea kutiwa mpaka siku alipoweza kubeba kanda la chumvi kutoka jaruba hadi ghalani. Siku hiyo wanaume walimchukua, wakamsugua macho kwa kitambaa kilicholoa maji ya chumvi, wanja ukatoka wote. Mtoto alilia, nani asingelia? Wakamwambia: hayo ndiyo machozi yako ya mwisho, sasa wewe ni mwanamume.

Maneno tu hayo! Machozi hayaishi kwa kuamrishwa. Wanaume wa Tondwa walifiwa kama watu wengine, waliachwa, walizika watoto wao, na machozi yaliwatoka. Ila walikuwa na dawa yake. Mtu akizidiwa na huzuni alijiendea zake majarubani, akainama kama anayekwangua chumvi, akalia mpaka akatosheka. Akirudi nyumbani macho mekundu akiulizwa ana nini, alijibu, "Chumvi hiyo. Imeniingia machoni." Baba alimwambia hivyo mwanawe, mume alimwambia hivyo mkewe, na mji mzima ukaishi ukiamini kwamba wanaume wake hawalii. Wanaume wenyewe walijuana, lakini hakuna aliyethubutu kusema.

Basi alikuwepo kijana akiitwa Shekue. Enhe, huyo sasa! Mwaka ule maji ya bamvua yalipobomoa tuta, bahari ikawa inaingia kwenye chumvi iliyoiva, Shekue aliingia kwenye ufa akauziba kwa mgongo wake, akasimama humo maji yakimpiga kifuani huku wenzake wakipanga mawe. Alipotolewa, ngozi ya mgongo ilikuwa imechunika, na aliuliza kama kuna mtu amemletea tende. Kwa hiyo asije mtu akaniambia habari hii ni ya mwanamume legelege. Tondwa nzima haikuwa na kifua kama kile.

Mama yake Shekue aliitwa Bi Somoe, na ndiye aliyekuwa akisaga wanja wa mji. Alisaga jiwe lake taratibu, akalichekecha kwa kitambaa mpaka likawa laini, ukilishika hulisikii kidoleni. Shekue alipomposa Mwanakheri binti Mwinyikai na posa ikakubaliwa, Bi Somoe alimwita mwanawe akamkalisha mbele yake.

"Mwanangu, siku ya harusi yako nitakutia wanja."

"Mama! Watanicheka mpaka wapaliwe."

"Na wacheke. Walikufuta mbele yangu nami nikanyamaza. Tangu siku ile unaniambia ni chumvi, ni chumvi, na mimi ndiye niliyekuzaa. Nataka siku moja niyaone macho yako kama nilivyokuwa nikiyaona."

Shekue alicheka, akamshika mama yake mkono, akakubali. Aliona ni jambo la kumfurahisha mama tu, litapita. Lakini kabla ya chumvi ya msimu ule kuvunwa, Bi Somoe aliugua homa, akafariki. Mkononi mwa Shekue kilibaki kichupa kidogo cha wanja na kijiti chake. Baada ya maziko alikwenda majarubani kama wenzake, akainama, na aliporudi aliwaambia watu ni chumvi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Tondwa ya zamani haikumwoza mtu mpaka akalie kigoda. Asubuhi ya harusi bwana harusi aliwekwa uani kwa mkwewe, watu wamemzunguka, na wazee wa upande wa mke wakamchoma kwa maneno. Walimtaja alivyokuwa akijikojolea utotoni, wakataja aibu za ukoo wake, wakafika mpaka kwa maiti wake. Akitokwa na chozi, hapati mke. Ila wanaume walikuwa wameshajitengenezea njia. Bwana harusi alikuja kigodani moja kwa moja kutoka majarubani, chumvi bado ingali mikononi, na machozi yakimlenga alijifuta akasema, "Chumvi hiyo, wazee." Wazee waliitikia kwa kichwa, maana na wao walipita palepale. Waume wote wa Tondwa walioa kwa chumvi, kama mnataka niwaambie ukweli.

Asubuhi ya harusi yake Shekue alikaa peke yake chumbani na kile kichupa. Mara akishike, mara akiweke. Alijua vizuri atakayoyasikia huko nje. Alijua pia kwamba Mwanakheri yuko ndani kwa baba yake, amekwisha kupambwa, anamngoja, na kwamba akikosea leo atampoteza, naye alikuwa akimpenda mtoto wa watu yule kupita kiasi. Lakini alikuwa ametoa neno kwa mama yake. Alioga kwa maji baridi, akavaa kanzu safi, akachovya kijiti akajitia wanja. Mkono haukuzoea kijiti, jicho la kushoto likatoka nene kuliko la kulia. Akatoka hivyo hivyo, kichupa mkononi.

Alipoingia uani, watu waligeuka wote. Halafu kicheko kikalipuka, ungedhani kuku wameingiliwa na kicheche. Mzee Faki, ami yake bibi harusi, mtu mwenye ulimi wa pilipili, alimzunguka akimtazama juu na chini.

"Makubwa haya! Tuliambiwa tunaletewa mume, kumbe tumeletewa somo wa kumfunda mwali!"

Shekue alikaa kigodani. Walimchoma na alitulia, na kwa namna alivyokaa, mgongo ule wa tutani umenyooka, kicheko kilipungua chenyewe. Hata waliomcheka zaidi walianza kumtazama kwa macho mengine, kwa sababu wanja ule, ukiacha lile jicho la kushoto, ulikuwa umempendeza mno. Mzee Faki akaona anashindwa. Akainama, akamwuliza kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia:

"Na mama yako leo yuko wapi, bwana harusi? Mbona hatusikii vigelegele vyake?"

Machozi yalimjaa Shekue, yakamwagika. Hayakuwa na pa kujificha. Yalishuka na wanja wa Bi Somoe, yakachora michirizi miwili myeusi mpaka kidevuni, na mmoja ukaanguka kwenye kanzu nyeupe.

Mzee Mwinyikai, baba yake bibi harusi, alikuwa akimpenda kijana yule. Alisogea upesi, akamshika bega kama anayemnong'oneza.

"Chumvi hiyo, mwanangu, siyo? Sema tu. Chumvi hiyo."

Neno moja tu, naye angepata mke, angekula pilau, angekwenda zake. Kila mwanamume pale alilisema siku yake. Shekue aliwatazama, akamtazama mkwewe, akasema:

"Si chumvi, baba. Namlilia mama."

Mzee Faki alipiga makofi. "Basi! Amejisemea mwenyewe. Hana mke hapa. Aondoke."

Shekue akainuka. Hakubishana, hakujifuta. Alikuwa amekwisha kuugeukia mlango wa nje, moyo umevunjika vibaya, iliposikika sauti kutoka ndani, nyuma ya pazia. Ilikuwa ya Mwanakheri. Bibi harusi kusema siku ile, tena mbele ya wanaume, lilikuwa jambo lisilowahi kusikika, na wanawake waliokuwa naye walijaribu kumziba mdomo.

"Baba, nina swali moja tu. Mama alipokufa ulikwenda majarubani, ukarudi huoni njia. Nilikuwa mdogo, nikakuuliza una nini. Ukaniambia ni chumvi. Miaka yote hii nimekaa nikijua kwamba mama yangu hakuliliwa na mtu ila mimi. Ilikuwa chumvi, baba?"

Mzee Mwinyikai alisimama pale, mkono ungali hewani ulipokuwa begani mwa Shekue. Watu walimwona mtu mzima, mwenye majaruba na ghala, akitafuta pa kushika.

"Haikuwa chumvi, mwanangu," akasema mwishowe. "Haikuwa chumvi hata siku moja."

Kisha akamgeukia Shekue akamwambia, "Hebu kilete hicho kichupa." Akakaa yeye mwenyewe kwenye kigoda, akainua uso, na Shekue akamtia wanja, safari hii mkono umetulia. Haukukaa sana, kwa sababu mzee alianza kulia kabla jicho la pili halijamalizika. Pazia likafunguliwa, Mwanakheri akatoka na mapambo yake yote akamkumbatia baba yake, na wanja ukamchafua nguo ya harusi begani. Hakulifua doa lile mpaka alipokufa, ndivyo tulivyosimuliwa. Mzee Faki? Alisema jua kali, akaenda kukaa kivulini. Lakini jioni kabla ya kula alionekana akikizungukazunguka kile kichupa.

Na tangu siku hiyo kigoda cha maneno kilikufa hapa Tondwa, na watoto wa kiume hawakufutwa wanja tena. Mwanamume wetu hutia wanja siku anapooa, na siku ya Idi, na siku anapozika, ili anaowapenda wajue kilichomo ndani yake bila kuuliza. Na tangu siku hiyo mtu wa hapa akificha lililo moyoni, wenzake humwambia "chumvi hiyo" wakamcheka, nao wana haki ya kumcheka.

Haya, mgeni wetu uliyecheka, nimemaliza. Inua uso, usipepese. Hapa kwetu msimamizi wa bwana harusi naye hutiwa. Taratibu... Eh! Nawe vipi tena? Kijiti bado hakijakugusa. Usije ukaniambia ni chumvi.