Tandiko la Bi Mwanashee

Tandiko haliponyi kidonda. Ndiyo, ni mimi niliyewaambia hivyo asubuhi, nilipowakuta mnamrushia mbwa wa jirani matonge ya ugali juu ya ua. Mkanuna, mkadhani nawakataza huruma. Sasa mnataka kujua neno hilo limetoka wapi. Kaeni basi, na asinikatize mtu. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika mji mmoja wa pwani, nyumba zilijengwa kwa mawe, na mawe yaliletwa na punda kutoka machimboni. Punda hapakiwi juu ya ngozi tupu, hutandikwa kwanza. Mshonaji wa matandiko alikuwa Bi Mwanashee, mjane wa maneno machache na mkono mzuri. Alishona gunia juu ya gunia, akajaza sufi katikati, na ukingoni akazungusha uzi mwekundu. Ukiuona uzi ule, huulizi nani kashona.

Mji ule ulikuwa na adabu yake: tandiko la punda wa mtu halifunuliwi na mwingine. Ilikuwa sawa na kuingia jikoni kwa watu ukafunua chungu. Adabu nzuri, lakini mtaona ilificha nini.

Bi Mwanashee alikuwa na shemeji, jina lake Shali, aliyekuwa mume wa marehemu mdogo wake. Shali alichukua mawe kwa punda jike wa kijivu. Kutwa nzima akiwa kazini, binti zake wawili walishinda kwa Bi Mwanashee, wakila kwake na kusukwa nywele kwake. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Wale ndio waliokuwa roho yake.

Siku moja punda yule alipita mlangoni, na Bi Mwanashee akaacha sindano. Nzi walikuwa wamejaa kwenye ukingo wa tandiko. Punda alikwenda upandeupande, kama mtu aliyebanwa na kiatu. Shali alipoinua mkono kujifuta jasho, jasho tu, punda akajikunyata. Bi Mwanashee alikulia kwenye matandiko. Hakuhitaji kufunua ili ajue.

Na pa kulipeleka jambo lile palikuwapo. Mzee wa mtaa, Fakihi Lali, alikuwa na amri ya kusimamisha punda mwenye kidonda mpaka apone, na mwenyewe akikaidi, ananyang'anywa. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa kichochoro kilekile. Bi Mwanashee alijitanda, akatoka, akafika mpaka mlangoni. Mkono ulikuwa tayari kubisha alipowakumbuka watoto. Shali hana simile. Akishitakiwa na shemeji yake, atawachukua wale watoto, naye Bi Mwanashee hatawaona tena. Akashusha mkono, akarudi nyumbani.

Akashona tandiko jipya, nene kuliko yote aliyowahi kushona.

"Shemeji, lile lako limechakaa," alimwambia Shali. "Chukua hili. Na huyu punda mpumzishe kidogo."

"Nikimpumzisha, mawe nibebe mimi?" Shali akacheka. "Ahsante, shemeji. Alikuwa ameanza uvivu, labda sasa atachangamka."

Na kweli, punda alitembea vizuri kidogo, na Bi Mwanashee akapata usingizi. Lakini Shali alipoona punda anatembea, akaongeza mawe. Tandiko lile lilimfaa yeye kuliko mnyama. Nzi hawakuonekana tena, maana lilifunika kila kitu. Jioni Bi Mwanashee alimpelekea punda pumba, akamkuta anatetemeka, pumba haitaki. Alilia pale pale zizini. Kisha, jamani, akaenda kuongeza sufi.

Punda alianguka njia ya sokoni, na mawe juu yake. Watu wakajaa, Fakihi Lali akaitwa.

"Fungueni tandiko," alisema.

"La punda wangu halifunuliwi," Shali akajibu.

Fakihi hakubishana naye. Akachukua kisu, akakata kamba mwenyewe. Sitawaeleza yote waliyoyaona. Niseme tu kwamba sufi ilikuwa imeshikana na nyama, na watu wazima waligeuza nyuso. Bi Mwanashee alipiga magoti mavumbini, akakiweka kichwa cha punda mapajani mwake. Mnyama yule hakuwa na sauti ya kulia. Alimwangalia tu mpaka macho yakazimika.

"Uzi huu ni wako, Mwanashee," Fakihi alisema taratibu. "Hukujua?"

"Nilijua."

"Kwangu ni mbali?"

"Si mbali. Nilifika mlangoni, nikarudi. Nilitaka nimsaidie punda na Shali asiudhike. Nikashona tandiko." Kisha akasema, "Kumbe tandiko haliponyi kidonda."

Shali, kwa aibu, alihama mji kabla ya mwezi kuandama, akaondoka na binti zake. Kile ambacho Bi Mwanashee alinyamaza ili asikikose, akakikosa vilevile. Punda amekufa, na watoto hakuwaona tena.

Tangu siku hiyo hakumshonea mtu bila kuuona kwanza mgongo wa punda. Akikuta kidonda, aliweka sindano chini na kwenda kwa Fakihi, punda awe wa ndugu au wa jirani. Wengine walimnunia. Wakimbembeleza aongeze sufi tu yaishe, aliwajibu kwa maneno yaleyale, na mji mzima ukayashika.

Sasa, yule mbwa mnyororo umemwingia shingoni. Nyinyi mmeuona, na mimi nimeuona. Mwenye mbwa ni jirani yetu, tunazikana naye, na najua atanuna. Matonge yenu yatamshibisha leo, lakini mnyororo utabaki shingoni. Ofisi ya mifugo inafungwa saa tisa, kwa hiyo nileteeni kanga yangu, na aliyeuona vizuri aje tufuatane, akaseme mwenyewe alichokiona. Tandiko haliponyi kidonda.