Jibini Alizoziacha Bibi Lugano

Aliye na kitu mdomoni na akimeze kwanza, ndipo anisikilize. Hadithi hii ni ya watu wenye njaa, na si adabu kuisikiliza huku unatafuna.

Palikuwa na kitongoji kiitwacho Itengelo, juu kabisa milimani, kwenye mianzi na ukungu, ambako watu hulima viazi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Humo waliishi watu watatu, kila mmoja na nyumba yake, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Atupele, aliyeishi na mama yake na wadogo zake watatu. Kipaji chake kilikuwa puani. Akipita nje ya jiko lako alijua kama maziwa yaliyomo yatafika kesho au yatalala yameganda. Alinusa mvua kabla mawingu hayajatokea.

Wa pili ni Gwamaka, mchimba visima. Kipaji chake kilikuwa mikononi. Aliweka kiganja juu ya ardhi, akatulia kidogo, kisha akasema, "Hapa pameshikamana," au, "Hapa msisogee." Miaka kumi na minane alichimba, na hakuna kisima chake kilichowahi kumfukia mtu.

Wa tatu ni Subilaga, mjane mwenye watoto wawili. Kipaji chake kilikuwa kwenye ulimi. Kituo cha kukusanyia maziwa kilimwajiri kwa ajili ya ulimi huo. Alionja tone moja tu, akasema, "Baba, haya umeyatia maji," au, "Ng'ombe wako jana ameingia shambani kwa watu, amekula majani ya viazi." Wafugaji walimwogopa kuliko mizani.

Alikuwapo pia Bibi Lugano, ambaye hakujaliwa mtoto. Ujanani aliwapikia masista wa misheni, nao wakamfundisha kutengeneza jibini. Kila Jumamosi aliuza jibini changa, nyeupe na laini. Lakini nyingine alizitia kikapuni, akapanda nazo mlimani peke yake, akarudi na kikapu kitupu.

"Bibi, zile nyingine umezipeleka wapi?"

"Zimekwenda kulala," alijibu. "Jibini nayo huota ndoto, ikiachwa."

Wapi hasa, hakumwambia mtu. Aliogopa wezi.

Basi, mwaka mmoja, mwezi wa nne, mvua ilinyesha siku kumi na moja bila kupumua. Siku ya kumi na mbili alfajiri mlima uliporomoka. Tope lilichukua barabara, likachukua daraja, mashamba, maghala ya viazi na mazizi yote, na ng'ombe ndani yake. Nyumba tano zilikwenda. Mojawapo ilikuwa ya Bibi Lugano, naye akiwa ndani.

Waliobaki walikuwa watu sabini na sita, kwenye kipande cha ardhi kati ya mto uliofurika na mlima uliovunjika. Mnara wa simu ulikuwa umelala chini. Ukungu ulishuka ukakaa, hata moshi wao haukuweza kuonekana ng'ambo.

Siku za kwanza walikula viazi vya mbegu. Vilipokwisha walichemsha mboga pori, kisha mizizi ya migomba. Kufika siku ya tisa watoto walikuwa wameacha kucheza, na hilo liliwatisha wazazi kuliko kilio. Walikuwa wamezika watu wanne waliokufa kwa udhaifu. Wa tano alikuwa baba mmoja aliyechimba kiazi pori, akakila peke yake ili akipime kabla ya kuwapa wanawe, akafa kabla ya jua kutua.

Siku hiyo ya tisa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mwaisumo, aliwakusanya watu. Alisimama tu, kofia mkononi. Ndipo Atupele akasema, "Jibini za Bibi Lugano. Zimo humu mlimani."

"Vijana wametafuta siku mbili, mwanangu," mwenyekiti akamjibu. "Kumejaa tope tupu. Hakuna cha kuonekana."

"Walitafuta kwa macho."

Alirudi nyumbani kumuaga mama yake, ambaye hakuweza tena kuinuka kitandani.

"Mama, nikienda, nani atakushika mkono?"

"Na ukikaa utanipa nini? Mkono haupikwi," mama akasema. "Nenda. Wadogo zako wataniangalia."

Atupele akapanda. Siku ya kwanza alinusa tope na mizizi iliyokatika. Siku ya pili alinusa mizoga ya ng'ombe chini ya udongo, akatapika maji matupu, akaendelea kutambaa. Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, upepo uligeuka ukamletea harufu nyembamba kutoka kwenye ufa wa mwamba. Haikuwa harufu nzuri. Ilikuwa kama miguu iliyoshinda ndani ya mabuti ya mvua. Lakini nyuma yake, mbali kabisa, palikuwa na maziwa. Akalala kifudifudi, akaingiza uso ndani ya ufa na kuvuta pumzi mpaka akawa na hakika. Kisha akafunga kitambaa chake kwenye mti, akashuka mbio huku akianguka.

Wadogo zake walimpokea njiani. Mama yao alikuwa amekata roho mchana ule ule.

Atupele aliegemea ukuta. Akasema kwanza, "Ni juu ya maporomoko ya maji, palipo na kitambaa chekundu." Alipokwisha kusema hivyo ndipo akaingia kumwona mama yake.

Watu wakachukua majembe. Walipofika walikuta mdomo wa pango umezibwa na tope na mawe makubwa kama ng'ombe. Walikwisha kuinua majembe Gwamaka alipopiga kelele.

"Acheni! Wekeni chini!" Akaweka viganja juu ya udongo. "Mlima huu bado haujamaliza. Mkichimba kutoka chini, wote tutalala humu. Rudini nyuma, nyote. Nikatieni mianzi, mnirushie."

"Utachimba peke yako, kaka, na njaa hii?" wakamuuliza.

"Ukinifukia, mmempoteza mmoja."

Akachimba kutoka ubavuni, mkono baada ya mkono, akiweka nguzo ya mwanzi kila hatua. Alichimba siku ile mpaka giza, akaanza tena kulipopambazuka. Siku ya pili, amebakiza dhiraa moja tu, jiwe liliteleza likamkalia mkono wa kushoto juu ya nguzo. Angeweza kuuchomoa. Lakini angeuchomoa mkono, nguzo ingekwenda, na njia yote ingezibika. Waliokuwa nyuma walisikia akisema kwa sauti ya chini, "Leteni mwanzi mnene. Polepole. Msikimbie." Akaubakiza mkono pale mpaka mwanzi mwingine ukasimikwa. Alipotoka, vidole vitatu havikutoka naye. Lakini njia ilikuwa wazi.

Waliingia na mienge. Ndani mlikuwa na baridi, na chanja za mianzi zimepangwa mpaka juu, na juu ya chanja madonge ya jibini zaidi ya mia. Mtu angedhani watu wangerukia chakula. Walirudi nyuma.

Maana hizo hazikuwa jibini walizozijua. Nyingine zilikuwa nyeusi tititi, zimepakwa majivu. Nyingine zilifungwa kwa majani ya migomba, na jani likifunuliwa palionekana ngozi ya rangi ya chungwa, inanata, inanuka kama kitu kilichokufa. Nyingine zilipokatwa zilikuwa na mishipa ya kijani na bluu kama mkono wa mzee. Ni kwenye chanja ya chini tu palipokuwa na jibini nzuri: safi, za manjano kama ndizi mbivu, hazina ukungu hata kidogo. Macho yote yakaenda huko.

"Tuchukue hizo," akasema mzee mmoja, mjukuu wake amelala begani. "Hizo angalau ni chakula."

"Na yule tuliyemzika juzi kwa kiazi?" mwingine akamjibu. "Naye alisema ni chakula."

Wakasimama hivyo, watu wenye njaa mbele ya chakula, na hakuna aliyethubutu. Subilaga akawakabidhi watoto wake kwa jirani, akaja mbele.

"Nipeni kisu. Kila nitakachoonja, msikiguse mpaka niwaambie."

Akakata ile nyeusi. Ndani ilikuwa nyeupe kama chaki. Akaiweka ulimini, akafumba macho. "Ina ukali wa ndimu," akasema. "Na moshi kwa mbali. Ni nzima." Akangoja, tumbo likakaa kimya. Akafungua ile ya majani, watu wakaziba pua. Akatafuna taratibu, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi watu waliona mtu akitabasamu. "Puani ni msiba, mdomoni ni mchuzi wa nyama! Na karanga za kukaanga." Akangoja tena. Ile ya mishipa ya bluu ilimchoma ulimi kama pilipili, machozi yakamtoka, kisha ukaja utamu kama wa asali. "Bibi Lugano," akasema peke yake, "kumbe ulikuwa unatuuzia watoto, wakubwa umewaficha huku."

Ikabaki ile nzuri ya chini. Aliigusa kwa ncha ya ulimi, akakunja uso. Kulikuwa na kitu kama chuma, mbali sana. Angeweza kuishia hapo. Lakini madonge ya chanja ile yalikuwa karibu nusu ya chakula chote, na kumwaga nusu ya chakula kwa kudhani tu lilikuwa jambo zito. Akakata kipande, akatafuna, akameza kidogo ili awe na hakika.

Haikupita saa moja alianguka. Mwili ukamtetemeka, povu likamtoka. Watoto wake wakalia. Katikati ya mitetemeko aliinua mkono akaonyesha chini. "Zile nzuri," alisema. "Msiguse. Zile mbaya ndizo nzuri."

Baadaye sana ilijulikana kwamba maji ya mafuriko yalikuwa yamepita kwenye stoo moja ya huko juu iliyojaa dawa ya kunyunyizia viazi, yakapenya kwenye miamba mpaka chanja ya chini, yakaua hata ukungu wake.

Subilaga alilala siku mbili kati ya uhai na kifo. Wengine walikula. Watoto walikula ile ya majani huku wakibana pua kwa vidole, wakaomba tena. Kwa siku kumi na mbili walikula jibini asubuhi na jibini jioni, mpaka ukungu ukainuka, waokoaji wakavuka mto kwa kamba. Walikuta watu sabini, wote hai.

Lakini mama yake Atupele alikuwa kaburini, na Atupele hakuwapo alipokuwa akimwita. Gwamaka alibaki na mkono usioshika sururu. Na mchimba visima wa mkono mmoja nani atamwita? Subilaga aliamka, lakini dawa ile ilikuwa imeuua ulimi wake. Chumvi na majivu kwake ni kitu kimoja, na kituo cha maziwa kikamwambia pole, mama, nenda kapumzike.

Basi watu wa ng'ambo ya mto waliposikia habari hizi walichanga, wakanunua mtamba mmoja mwenye mimba, wakamleta Itengelo. Walimkabidhi Mzee Mwaisumo kamba, wakasema: "Huyu ni wa yule aliyewaokoa. Asichinjwe, asiuzwe, wala asigawanywe. Tuliwahi kutoa ng'ombe wa nyumba tatu, akafa njaa kila nyumba ikingoja nyingine ikate majani. Apate nyumba moja, na ndama wake humo humo."

Na kumbukeni kwamba Itengelo hapakubaki zizi wala shamba. Mwenye mtamba yule angeanza maisha upya. Asiye naye angeshuka mlima kwenda kulima vibarua kwa watu.

Watatu wakaitwa mbele.

"Sijui kusema," Atupele akaanza. "Bila mimi mngekuwa mnachimba mlima mzima. Nilimwacha mama yangu afe nikiwa mbali, na sasa nina wadogo watatu ambao hawana mwingine. Mimi sitaki sifa. Nataka maziwa yao."

"Dada, pole, na ni kweli," akasema Gwamaka. "Lakini harufu haishibishi. Ulituonyesha mlango uliofungwa, na wangeufungua kwa majembe ungewaua wote. Mkono huu ndio ulioushika mlima." Akauinua, na watu wakatazama chini.

Subilaga alisema kwa taabu, maana ulimi wake ulikuwa mzito. "Mmoja alitupeleka, mmoja alitufungulia. Tulipoingia, mikono yenu nyote ilikuwa inaelekea kwenye sumu. Nisingeimeza mimi, mngeila ninyi, na pango lile lingekuwa kaburi. Watoto wangu wawili waliniona nikifa. Waambieni kwa nini wanalala njaa."

Watu wakagawanyika. Mzee mwenye mjukuu akasema Subilaga, bila shaka. Wanawake waliomwosha mama yake Atupele wakasema Atupele. Waliosimama nyuma ya Gwamaka wakikabidhi mianzi hawakutaka kusikia jina jingine. Maneno yakawa makali, mpaka watu waliogawana kipande kimoja cha jibini wakaanza kunyoosheana vidole. Mzee Mwaisumo alisimama katikati, kamba mkononi, mtamba akitafuna nyasi bila habari. Mvua ilikuwa inakuja tena, na mnyama mwenye mimba halali nje.

Hapo ndipo ninaponyamaza mimi. Nilipopita Itengelo kamba ilikuwa bado mkononi mwa mwenyekiti, naye akanigeukia akaniuliza nami nikashindwa, ndiyo maana nimewaletea ninyi. Mmoja alinusa, mmoja akachimba, mmoja akaonja, na angekosekana yeyote kati yao, wote sabini wangezikwa.

Haya, chukueni kamba hii. Mtamba ni mmoja, na matone yameanza. Mtamfunga mlangoni kwa nani? Na wale wawili watakaobaki wamesimama mvuani, mtawaambia nini?